Asilimia 30 ya Nani? Maswali Yenu Kuhusu Usawa wa Ajira Katika Kaunti

Tuliwaomba wasomaji wa Nakuru, Kisumu na kaunti za magharibi watuletee maswali kuhusu kazi ya afisa wa usawa na ujumuishaji serikalini. Huyu ndiye anayekaa katika idara ya rasilimali watu au kwenye sekretarieti ya Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, akichunga kwamba ajira haigeuki mali ya ukoo mmoja. Wanaojibu ni watu wa rasilimali watu na wa sheria za kazi. Barua tumezifupisha, na majina ya waandishi tumeyaacha.

Nimehamishwa kutoka masjala hadi dawati la usawa. Sina bajeti, na mkubwa wangu anataka nianze kwa kuandaa warsha. Nianzie wapi? (Afisa, Kakamega)

Warsha isubiri. Anza na orodha ya mishahara. Mwombe afisa wa mishahara akutolee jedwali lenye idara, jobu grupu (daraja la kazi na mshahara), jinsia, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, kituo cha kazi, na kama mtu ni wa kudumu, wa mkataba au kibarua. Majina na namba za vitambulisho huvihitaji, kwa hiyo usivichukue.

Safu mbili zitakusumbua: kabila na ulemavu. Aghalabu ziko tupu, au karani fulani alizijaza kwa kukisia kutokana na jina. Usirudie kosa hilo. Mwanamke wa Kikisii aliyeolewa Seme ana jina la Kijaluo kwenye kitambulisho, na ukimhesabu kwa jina umepotosha hesabu mara mbili, kwake na kwa jamii yake. Tengeneza fomu ya ukurasa mmoja ambayo mfanyakazi anajaza mwenyewe. Iseme taarifa ni za nini, nani atakayeziona na zitatunzwa muda gani, na iwe na kisanduku cha "sipendi kusema". Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka taarifa za kabila, afya na hali ya ndoa katika kundi la taarifa nyeti, kwa hiyo fomu ikizagaa kwenye meza ya masjala, mwenye kosa ni ofisi yako. Katika ripoti, kundi lenye watu wasiofika watano liunganishe na jingine, la sivyo kila mtu atajua ni nani.

Kisha uchambue kwa jobu grupu, si kwa jumla. Jumla ni mwongo hodari. Kaunti inaweza kuonyesha wanawake nusu kwa nusu kwa sababu ya wauguzi na walimu wa chekechea, huku idara ya barabara, madereva na askari wa kaunti wakiwa karibu wanaume watupu, na meza ya wakurugenzi vivyo hivyo.

Jedwali la pili ndilo lenye faida zaidi, na wengi hawalitengenezi: kwa kila tangazo la kazi, wangapi waliomba, wangapi walipita mchujo, wangapi walifika kwenye usaili na wangapi waliajiriwa, kwa kila kundi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaitaka bodi iweke kumbukumbu za maombi yote yanayoletwa, kwa hiyo malighafi ipo. Ikiwa Wateso waliomba wengi na wote wakaanguka kwenye mchujo, tatizo liko kwenye mchujo. Ikiwa hawakuomba kabisa, tazama tangazo. Ripoti ya maadili ambayo bodi huipeleka bunge la kaunti kila Desemba haiwezi kuziba pengo lililofunguka Februari siku tangazo lilipotoka.

Sheria moja inasema theluthi moja, nyingine asilimia 30. Tunafuata ipi? (Sekretarieti ya bodi, Kisumu)

Zote mbili. Hazipimi kitu kimoja, na fujo huanzia hapo.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, kifungu cha 7, inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi wake kutoka jamii moja. Inapima wafanyakazi wote waliopo. Ilitungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, ambazo Nakuru na Kisumu hawahitaji kukumbushwa. Sheria ya Serikali za Kaunti, kifungu cha 65, inataka angalau asilimia 30 ya nafasi zilizo wazi katika ngazi ya kuingilia kazini ziende kwa watu wasio wa jamii kubwa ya kaunti hiyo. Hii inapima nafasi mpya tu, tena za ngazi ya chini.

Tuchukue kaunti ya mfano yenye wafanyakazi 3,000, na 2,550 kati yao, yaani asilimia 85, ni wa jamii moja. Kila mwaka watu 100 wanaondoka, 85 wa jamii kubwa na 15 wa wengine. Bodi inaajiri 100 wapya kwa kufuata asilimia 30 barabara: 70 na 30. Jamii kubwa inapungua kwa watu 15 tu kwa mwaka. Baada ya miaka 10, hata tukiacha mchanganyiko wa wanaostaafu kama ulivyo, ni 2,400, sawa na asilimia 80. Na hata kaunti ikiendelea kuajiri hivyo karne nzima, huku wanaoondoka wakifuata mchanganyiko wa waliopo kazini, kanuni hiyo peke yake haitaishusha chini ya asilimia 70. Theluthi moja haitafikiwa kamwe.

Ndiyo maana hatukubaliani na bodi zinazoichukulia asilimia 30 kama mgawo wa kutosha. Neno la sheria ni "angalau". Katika kaunti iliyorithi wafanyakazi wa mabaraza ya miji mwaka 2013, wengi wao wa eneo hilohilo, ni haki kueleza kwa nini theluthi moja haijafikiwa. Si haki kuandika "tumetii sheria" kwa kuangalia kifungu kimoja. Ripoti ionyeshe vipimo vyote viwili, kila kimoja na jedwali lake, na mpango wa miaka mitano wa nafasi zitakazobaki wazi kwa kustaafu. Tarehe za kuzaliwa unazo, kwa hiyo mpango huo ni kazi ya alasiri moja.

Tahadhari tatu za hesabu. Panapoandikwa "angalau", desimali inapanda: asilimia 30 ya nafasi 17 ni 5.1, kwa hiyo ni watu 6. Panapoandikwa "isizidi", inashuka: kwa kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili, theluthi mbili ya jopo la watu 7 ni 4.67, kwa hiyo isizidi watu 4. Ukiwaweka 5 umefika asilimia 71, umevunja kanuni. Tatu, piga hesabu kwa kila kada. Kuna mchezo wa kuwajaza "wengine" kwenye kazi za usafi na ulinzi hadi asilimia 30 itimie, halafu makarani, wahasibu na maafisa wa kilimo wote wakatoka jamii ileile kubwa.

Huku kwetu Waluhya ndio wengi. Je, Mtiriki au Mkabarasi akiajiriwa anahesabiwa katika ile asilimia 30? (Mwalimu, Kakamega)

Hapana. Ukianza kuzihesabu jamii ndogo za Waluhya kama makabila mbalimbali ili asilimia 30 itimie, Mjaluo, Mnandi na Mkikuyu wanaoishi Kakamega watabaki nje kabisa, nao ndio kifungu kinaowakusudia. Hata hivyo uwiano kati ya Wawanga, Waisukha, Waidakho, Wakabarasi na wenzao ni jambo halali la sera, kwa sababu Katiba katika Ibara ya 232 inataka utumishi wa umma uwakilishe jamii mbalimbali. Liwekee jedwali lake, tena lisichanganywe na lile la kifungu cha 65.

Kaunti hutangaza kazi, lakini sisi wa Mlima Elgon tunasikia muda ukiwa umekwisha. Afisa wa usawa anaweza kufanya nini hapo? (Kijana, Kapsokwony)

Mengi, na ndipo kazi yake ilipo hasa. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinaitaka bodi itumie tangazo na njia nyingine ili habari ifike kwa watu wengi iwezekanavyo, hasa waliowekwa nyuma kwa sababu yoyote. Gazeti la Nairobi na tovuti ya kaunti havitoshi. Nakala ipelekwe ofisi za wodi, kwa machifu isomwe barazani, makanisani na misikitini, na redioni kwa Kisabaoti na Kiteso kama inavyosomwa kwa Kibukusu. Tungependekeza siku 21 kamili kati ya tangazo na siku ya mwisho. Fomu zipokelewe katika ofisi za kaunti ndogo pia, kwa sababu nauli ya kutoka Kopsiro hadi mjini Bungoma na kurudi, kwa kijana asiye na kazi, ni mchujo tosha.

Sasa yaliyomo ndani ya tangazo. Afisa alisome kabla halijatoka na kuuliza kwa kila sharti: kazi hii haiwezi kufanyika bila hili? "Uzoefu wa miaka mitatu" kwa karani anayeanza kazi humfaa yule tu ambaye tayari ana mtu ofisini aliyempa kibarua. Vyeti vya idhini, kama vile vya polisi, HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu) na ushuru, havipaswi kudaiwa kwa kila mwombaji: marekebisho ya mwaka 2022 ya Sheria ya Ajira yanamzuia mwajiri kuvitaka mpaka awe amekusudia kumpa mtu mkataba. Bado matangazo mengi yanavidai mwanzoni, na pesa zinazolipwa ni za maskini. Sharti la kujua lugha ya eneo linakubalika kwa mhudumu wa afya anayeingia nyumba kwa nyumba Cheptais. Kwa mhasibu wa makao makuu ni ukabila uliovishwa koti.

Tarehe za usaili nazo zina ubaguzi wake. Jumamosi inawafungia nje Waadventista, ambao ni wengi Kisii, Nyamira na ukanda wa ziwa, na Sabato yao inaanza jua linapotua Ijumaa. Ijumaa saa saba mchana inamgonga Mwislamu wa Mumias au Mnubi wa Kibos. Jumanne hadi Alhamisi haimkwazi mtu.

Kwenye mchujo, jambo linaloharibika mara kwa mara ni hili: maombi 4,000 yanakuja kwa nafasi 20, jopo linachoka, halafu mtu anasema "tuchukue wenye digrii tu" ilhali tangazo lilitaka cheti. Huko ni kubadilisha kanuni baada ya mchezo kuanza, na ndilo kosa rahisi kuliko yote kulithibitisha kwenye rufaa. Kama mnatarajia umati, semeni ndani ya tangazo kwamba kutakuwa na mtihani wa kuandika, na karatasi zisahihishwe zikiwa na namba badala ya majina. Vigezo vya mchujo viwe vilevile vya tangazo, watu wawili watoe alama kila mmoja kivyake, na kila aliyeachwa awe na sababu ya mstari mmoja kwenye faili.

Ninatumia kiti cha magurudumu. Niliitwa usaili ghorofa ya pili, lifti haipo. Nilibebwa ngazini. Haki yangu ni ipi, na ofisi ilipaswa kufanya nini? (Mwombaji kazi, Nakuru)

Pole, dada. Kubebwa mbele ya washindani wako kabla ya usaili ni ubaguzi, hata kama waliokubeba walikuwa na nia njema. Ibara ya 27 ya Katiba na kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira vinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, uwe wa moja kwa moja au la. Na shauri likifika mahakamani, mwajiri ndiye mwenye mzigo wa kuonyesha kwamba hakubagua. Iandikie bodi sasa, ukitaja siku, saa na chumba, kabla matokeo hayajatangazwa. Malalamiko yanayokuja baada ya matokeo husomwa kama hasira ya aliyeshindwa, hata yakiwa ya kweli.

Kwa upande wa ofisi, gharama kubwa haihitajiki. Barua ya mwaliko iwe na sentensi moja: "Je, unahitaji msaada wowote ili ushiriki usaili kikamilifu? Tujulishe kabla ya tarehe fulani." Majibu yakija, fanya yafuatayo. Mwenye kiti cha magurudumu, usaili wote wa siku hiyo uhamie chini, si wake peke yake. Kiziwi, tafuta mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Kikao kikizidi saa moja watafute wawili, wapokezane kila dakika 20 au 30, kwa maana mkalimani aliyechoka huanza kuacha maneno. Jopo limtazame mwombaji, si mkalimani. Asiyeona vizuri, wakiwemo watu wengi wenye ualbino, karatasi ichapishwe kwa herufi za ukubwa wa 18, naye asikalishwe akitazamana na dirisha. Mwenye kigugumizi au ugumu wa kuandika, aongezewe muda, na uamuzi huo uandikwe kwenye kumbukumbu za jopo kabla hajaingia.

Mnaojenga mteremko wa kudumu, kipimo cha kawaida ni 1 kwa 12. Ngazi tatu za sentimita 15 ni sentimita 45 kwenda juu, kwa hiyo mteremko uwe na urefu wa mita 5.4. Mafundi wengi humwaga zege la mita mbili na kuliita mteremko; hilo ni la kuangushia watu. Mlango nao uwe na nafasi ya sentimita 90.

Kuhusu idadi, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi. Kwa nafasi 40 ni watu 2. Kwa nafasi 45 ni 2.25, kwa hiyo 3. Afisa awakumbushe pia wafanyakazi waliopo wajisajili na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Usajili huo ndio unaofungua msamaha wa kodi kwa shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi, na katika utumishi wa umma umri wa kustaafu kwa mtu mwenye ulemavu ni miaka 65 badala ya 60. Anayengoja mpaka afike miaka 59 ndipo ajisajili hutiliwa shaka, hata kama ulemavu wake ni wa utotoni.

Mkuu wangu ananitumia ujumbe wa mapenzi usiku. Nimekataa, sasa ananinyima likizo na kuniambia atanihamisha. Naogopa kuandika kwa sababu afisa wa malalamiko ni rafiki yake. (Mfanyakazi, Kisumu)

Ujumbe usiufute, na simu usiibadilishe kwa sasa. Chukua picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, uzihifadhi mahali pa pili nje ya simu ya kazi. Ushahidi wa kielektroniki mahakamani huambatana na cheti kinachoeleza jinsi ulivyopatikana, chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Ikiwa simu yenye asili imepotea, picha ya picha inakuwa na nguvu ndogo. Nunua daftari uandike kila tukio siku ileile: saa, mahali, maneno yenyewe aliyoyasema, nani alikuwa karibu. Barua ya kunyimwa likizo nayo iweke hapo.

Kifungu cha 6 cha Sheria ya Ajira kinataja mambo uliyoyapitia: ombi la ngono lenye ahadi au kitisho juu ya kazi, maneno, picha na mguso usiotakiwa. Mwajiri mwenye watu 20 au zaidi lazima awe na sera iliyoandikwa kuhusu jambo hili. Omba nakala. Ikiwa anayepokea malalamiko ni rafiki wa mtuhumiwa, si lazima upitie kwake: mwandikie katibu wa kaunti au bodi. Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa pia hupokea malalamiko, na ina ofisi Kisumu na Nakuru. Na kwa mtu mwenye mamlaka anayeendelea kudai ngono huku akijua hatakiwi, kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 kinaweka kifungo kisichopungua miaka 3, au faini isiyopungua shilingi 100,000, au vyote viwili. Hilo ni la polisi, kwenye dawati la jinsia.

Maafisa mnaopokea kesi kama hii, kosa lenu la kawaida ni kumhamisha mlalamikaji "kwa usalama wake". Anayehamishwa ndiye anayeonekana mkosaji. Ikibidi mtu asogezwe wakati wa uchunguzi, asogezwe mwenye mamlaka. Kosa la pili ni kuwaita wote wawili chumba kimoja ili "waelewane kama watu wazima". Wahojiwe mbalimbali, taarifa zisainiwe, na kazi hiyo ifanywe ndani ya wiki mbili, mashahidi hawajafundishwa. Baada ya uamuzi, fuatilia miezi sita mbele: tathmini ya kazi, likizo, safari za kikazi na uhamisho wa mlalamikaji. Kisasi mara nyingi huja taratibu kupitia karatasi hizo. Na aliyeonewa akiwa mwanamume, hatua ni zilezile.

Nilipata alama 81, mwanamke aliyepata 76 akapewa kazi. Huo si ubaguzi dhidi ya wanaume? (Mhandisi, Vihiga)

Huenda si ubaguzi, lakini lazima kumbukumbu zieleze. Kifungu cha 65 kinapima uhalali wa uteuzi kwa mambo matatu pamoja: sifa, ushindani wa haki, na uwakilishi wa sura mbalimbali za kaunti. Sheria ya Ajira nayo inasema wazi kwamba hatua za kuwainua waliobaguliwa si ubaguzi. Utaratibu tunaouamini ni huu: jopo linaweka alama ya kufuzu kabla ya usaili, tuseme 70, na wote waliovuka wanahesabiwa wanaweza kuifanya kazi. Kati ya hao, uwakilishi unaruhusiwa kuamua, na sababu inaandikwa. Aliyepata 66 habebwi. Na kumwongezea mtu alama kimyakimya ili afike ni kughushi, hata kama lengo ni zuri. Omba kumbukumbu, jibu la mwisho hapa chini linaeleza njia.

Tunahitaji chumba cha kunyonyesha kweli? (Msimamizi wa ofisi ya wodi, Kisumu)

Ndiyo. Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka kila mwajiri awe nacho, na inampa mama muda wa kunyonyesha au kukamua usiozidi saa moja katika saa nane za kazi, juu ya mapumziko ya kawaida. Kiti cha starehe, meza ndogo, soketi, maji ya kunawa, friji na kufuli kwa ndani. Choo hakihesabiki.

Ninasoma mwaka wa tatu. Nisome nini ili niajiriwe kazi hii? (Mwanafunzi, Njoro)

Digrii yoyote kati ya rasilimali watu, sheria, sosholojia au masomo ya jinsia inakubalika, na hapo Egerton mna taasisi nzima ya masomo ya wanawake, jinsia na maendeleo. Ila waajiri wanakuta waombaji wengi wanaojua nadharia na wachache wanaoweza kutengeneza jedwali egemeo (pivot table) kwenye Excel. Jifunze hilo likizo hii. Ukilenga njia ya rasilimali watu, fanya mitihani ya CHRP, ile ya kuthibitishwa kuwa mtaalamu wa rasilimali watu, na ujiunge na IHRM, taasisi ya wanataaluma hao, kwa kuwa taaluma hiyo inasimamiwa na sheria ya 2012. Ukishaajiriwa kuna kozi za Shule ya Serikali ya Kenya. Kampasi iliyo karibu nanyi ni ya Baringo, Kabarnet.

Usitafute tangazo lenye cheo cha "afisa wa usawa" peke yake. Kaunti nyingi huiweka kazi hii ndani ya cheo cha afisa wa jinsia, wa rasilimali watu au wa huduma za jamii. Soma majukumu, si kichwa cha tangazo. Na mafunzo ya kazini yafanyie kwenye sekretarieti ya bodi ukiweza, hata kama utakuwa unapanga mafaili, kwa sababu mafaili yenyewe ndiyo kazi.

Binti yangu yuko Marekani na anafanya kazi kama hii kwenye wizara ya huko. Akirudi ujuzi utamfaa? (Mama, Nakuru)

Utamfaa kwenye uchunguzi wa malalamiko, mama. Huko mfumo umejengwa juu ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, iliyopanuliwa kwa watumishi wa serikali kuu mwaka 1972. Mfanyakazi ana siku 45 za kumfikia mshauri, ushauri huchukua siku 30 unaoweza kuongezwa, kisha siku 15 za kuandika malalamiko rasmi, na siku 180 za uchunguzi. Amri ya rais ya Januari 2025 ilifunga ofisi za huko za kukuza ujumuishaji, lakini dawati la malalamiko ya ubaguzi liliendelea kwa sababu limewekwa na sheria. Anayetoka kwenye dawati hilo anajua kuhoji na kuandika ripoti inayosimama. Atakachojifunza upya ni hesabu zetu za uwiano: kule kuajiri kwa kutenga idadi ya nafasi kwa kabila ni marufuku, huku kutofanya hivyo ndiko kunakovunja kifungu cha 65.

Nimeachwa kwenye ajira ya kaunti na naamini ni kwa sababu ya kabila langu. Nina muda gani? (Msomaji, Migori)

Siku 90 tangu siku ya uamuzi, kwa rufaa ya maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma, chini ya kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Tume inaweza kupokea rufaa iliyochelewa, lakini utalazimika kueleza kwa nini, kwa hiyo usiitegemee huruma hiyo.

Zitumie siku hizo hivi. Wiki ya kwanza, iandikie bodi barua chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Omba nakala ya tangazo, vigezo vya mchujo, alama zako na sababu ya kuachwa, pamoja na idadi ya walioteuliwa kwa jinsia, kabila na ulemavu. Usiombe majina ya wengine. Utanyimwa, na barua nzima itakwama nayo. Bodi ina siku 21 za kujibu. Isipojibu, Tume ya Haki za Utawala inapitia maombi ya namna hiyo, nawe uwe na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Barua iliyoachwa kwa mlinzi langoni haina muhuri.

Rufaa yenyewe isizidi kurasa tatu. Ianze na uamuzi unaoupinga na tarehe yake, ifuate kasoro moja moja na kifungu kilichovunjwa, kisha unachotaka: mchujo urudiwe, uteuzi usimamishwe, au upewe sababu. Ukiwa Mkuria na nafasi zote 12 za kada hiyo zimekwenda kwa jamii moja, idadi hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za uchungu, maana asilimia 30 ya 12 ni 3.6, na waliopaswa kutoka jamii nyingine ni wasiopungua 4. Bahasha ipelekwe kwa mkono au kwa posta yenye risiti, na risiti ibandikwe kwenye daftari lako.